Protini za maziwa kwa watoto wa nguruwe: Hesabu ianzie kwa mama

Mtoto wa nguruwe huzaliwa karibu bila kinga. Kondo la mama yake halipitishi kingamwili, hivyo huzipata kwenye dang'a, tena ndani ya saa 24 za mwanzo. Akiachishwa kunyonya akiwa na wiki tatu au nne, hukosa kinga ya maziwa kabla ya kujijengea ya kwake. Hapo ndipo kuharisha kunapoanza.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa antibiotiki kidogo kidogo ndani ya chakula. Sweden iliipiga marufuku njia hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya mzima Januari 2006. Denmark, ambayo iliacha mapema zaidi, ilipata funzo chungu: watoto walioachishwa kunyonya waliharisha zaidi na dawa za kutibu zikaongezeka. Wafugaji wakakimbilia oksidi ya zinki. Nayo, kwa vipimo vikubwa vya tiba, ikazuiwa Ulaya mwaka 2022 kwa kuwa hubaki ardhini.

Ndiyo maana protini za maziwa zinapigiwa debe. Laktoferini hukamata madini ya chuma ambayo vijidudu kama E. koli huyahitaji ili kuzaliana. Kingamwili za dang'a ya ng'ombe nazo hunasa vijidudu tumboni. Sayansi yake ni nzuri, tatizo ni bei. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe haina hata gramu moja ya laktoferini, kwa hiyo kuitenga ni ghali. Isitoshe, joto kali la kiwandani huiharibu. Mfugaji anayeuziwa unga wa maziwa wa kawaida kwa jina la kinga ananunua chakula kizuri, lakini si kinga.

Kuna njia ya katikati. Njombe hutengenezwa jibini, na kila lita 10 za maziwa huacha takriban lita 9 za maji yenye protini na sukari ya maziwa. Mfugaji wa jirani anaweza kuyatumia, mradi yawe mabichi ya siku hiyo na aanze kidogo kidogo, maana yakizidi huharisha. Wa mbali asijisumbue. Zaidi ya asilimia 90 ni maji, na nauli ya maji hailipi.

Lakini protini ya maziwa iliyo rahisi kuliko zote imo kwenye chuchu za mama. Mimba ya nguruwe ni siku 114. Akiachisha watoto kwa siku 28 na kupandwa baada ya wiki moja, huzaa mara 2.4 kwa mwaka; akinyonyesha siku 42, mara 2.2. Tofauti ni kama mzao mmoja katika miaka mitano. Mkulima mdogo anayepoteza watoto wawili watatu kila mzao kwa kuharisha, huku akinunua dawa dukani bila ushauri wa daktari wa mifugo, amekwisha kulipa zaidi ya hapo.