Ekra ikizimika, tusikubali kufutiwa kila kitu



Maulizo ya juma hili karibu yote ni moja: ordinateri inawaka vizuri, mtoto anaanza kutazama somo la video, gafula ekra inakuwa nyeusi. Inarudi, kisha inazimika tena. Wakati mwingine inageuka bluu. Fundi akiitwa, neno lake la kwanza ni «tufomate».

Ngojeni kwanza. Kufomate ni kufuta. Kama hesabu za AVEC yenu na kazi za watoto ziko mule ndani, zinaweza kupotea zote kwa ajili ya ugonjwa mdogo.

Mara nyingi ugonjwa huo ni wa piloti ya picha. Piloti ni programu ndogo, inafanya kazi kama mkalimani sokoni: muuzaji anasema Kinande, mnunuzi Lingala, yeye anasimama katikati. Mkalimani akinyamaza, biashara inasimama. Windows ikituma kazi kwa kadi ya picha, inangojea jibu sekunde 2 tu. Lisipokuja, inaanzisha piloti upya. Ndiyo maana ekra inazimika na kurudi. Ikishindwa, ndipo ekra ya bluu inakuja.

Tufanye hivi, kwa mpango:

1. Okoa kwanza. Nakili hesabu na kazi zote kwenye flashi. Ekra ikibaki nyeusi, bonyeza pamoja Windows, Ctrl, Maj na B. Piloti inaanza upya, na kazi iliyofunguliwa haipotei.

2. Angalia inazimika wakati gani. Kama mashine yote inakufa, feni nayo inanyamaza, tazama kuranti, kamba na betri kabla ya kushitaki piloti. Kama picha inaharibika hata mbele ya Windows kufunguka, wakati jina la kampuni linaonekana, ubaya uko kwenye chuma au kamba ya ekra. Hapo fundi anahitajika.

3. Gusa mashine. Kama inazimika ikiwa ya moto sana, sababu inaweza kuwa joto. Hapa Murara vumbi la mawe ya volkano linaingia kila pahali, linaziba matundu ya feni. Zima, ondoa kamba, safisha matundu kwa burashi laini na kavu. Tena laptopu isiwekwe juu ya kitanda: blanketi linaziba pumzi yake.

4. Kama shida ilianza nyuma ya Windows kujibadilisha, rudisha piloti ya zamani. Bonyeza Windows na X, chagua «Gestionnaire de périphériques», kisha «Cartes graphiques». Bonyeza jina la kadi mara mbili, ingia «Pilote», chagua «Restaurer le pilote». Hii haikuli megabaiti, kwa sababu piloti ya zamani imebaki ndani ya mashine. Neno hilo likiwa limefifia, ni kusema hakuna ya zamani ya kurudia.

5. Ukihitaji piloti mpya, itafute kwa kampuni iliyotengeneza mashine, ao kwa Intel, AMD ao NVIDIA, kufuatana na kadi yako. Programu za bure zinazojitangaza «tutatengeneza piloti zote» ziache. Nyingine zinaleta virusi.

Mukifika kwa fundi, mwambieni mumekwisha kufanya nini, na inazimika wakati gani. Muulizeni: «Umejaribu mode sans échec?» Humo Windows inatumia piloti ya kawaida tu. Ekra ikitulia humo, piloti ndiyo ya kushukiwa kwanza, na piloti inabadilishwa bila kufuta kitu.

Kwa wamama wenye kutunza hesabu za kikundi: kila mkutano ukiisha, hesabu ziandikwe pia kwenye daftari, na flashi ikae nyumba nyingine kuliko ordinateri. Feza za wamama ishirini zisitegemee ekra moja.

Kwa juma lijalo, leteni maulizo yenu kwa katibu kama kawaida.

Mwalimu wenu