Wagonjwa wa Siyu Nao Wahesabiwe



Wengi wetu tukisikia "wataalamu wamekadiria ugonjwa utafikia watu kadhaa" hudhani ni ramli. Sio ramli, ni hesabu. Na wewe uliyeko Siyu, hesabu hiyo yakuhusu.

Tuchukue mfano. Mgonjwa mmoja anaambukiza watatu. Kila mmoja wa hao anaambukiza watatu wengine, wanakuwa 9. Kisha 27, kisha 81, kisha 243. Hatua tano tu, mtaa mzima umelala. Lakini tukipunguza mpaka kila mgonjwa awe anaambukiza chini ya mtu mmoja, ugonjwa unazimika. Hatuhitaji kumaliza mbu wote wa kisiwa cha Pate. Daktari Muingereza Ronald Ross alilionyesha hilo kwa hesabu katika kitabu chake cha malaria cha mwaka 1911: mbu wakishuka chini ya kiwango fulani, malaria haiwezi kuendelea.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2004 chikungunya iliingia kisiwa cha Lamu. Waliokuwepo wanakumbuka: homa kali, viungo vimekaza, mtu mzima hawezi kuinuka. Ulikuwa wakati wa ukame. Watu waliweka maji majumbani siku nyingi bila kubadilisha, na mbu wa ugonjwa huu huzaliana humo humo. Mwezi Oktoba watafiti walipima damu ya watu 288 kisiwani. Waliokutwa na dalili kwenye damu kwamba wameambukizwa ni 215, yaani 75%. Kwa hiyo wakakadiria watu kama 13,500 waliambukizwa. Baadaye ugonjwa ukafika Mombasa, kisha Komoro.

Angalia jambo moja hapo. Makadirio hayo hayakutoka kwenye rejista ya hospitali. Yalitoka kwa kuwafuata watu na kuwapima. Rejista humuandika aliyefika tu. Mgonjwa wa Siyu aliyekosa nauli ya boti, akajifunga kanga kiunoni na kumeza panadol, hayumo. Mtaalamu akiletewa sifuri kutoka Siyu, hesabu yake itampa sifuri. Sifuri mara tatu ni sifuri! Basi vipimo, dawa na wapulizaji watapelekwa kwingine, na hakuna aliyekosea hesabu.

Hata njia mpya zina pengo hilo hilo. Utafiti uliotoka mwaka 2012 ulitumia rekodi za simu za karibu watu milioni 15 wa Kenya kujua malaria inasafiri vipi na wasafiri. Kazi nzuri. Lakini asiye na simu, safari yake haionekani. Na mwenye simu ana haki ya kujua rekodi zake zinatumiwaje.

Kwa hivyo tunasema wazi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tunaitaka kaunti, kila homa inapozuka, itangaze idadi ya wagonjwa kijiji kwa kijiji, sio jumla ya Lamu peke yake. Na wapimaji wafike Siyu wenyewe, wasingoje wagonjwa wavuke bahari.

Nasi tuna letu la kufanya. Mbu huyu huchukua kama wiki moja kutoka yai mpaka kuruka. Mwaga na usugue mapipa, ndoo na mitungi kabla wiki haijaisha, na yanayobaki na maji yafunike vizuri. Jirani akipata homa, muhudumu wa afya wa kijiji aambiwe siku hiyo hiyo, aandike.

Usiseme "ni homa tu, itapita." Huenda ikapita kwako, ikaenda kwa watatu. Wakija kuuliza Siyu kuna wagonjwa wangapi, tuwe na idadi ya kweli ya kuwapa.