Ilani ya Watembea kwa Miguu wa Masisi na Walikale

Sisi tuliozaliwa kwenye milima ya Masisi na misitu ya Walikale tumeamua kutembea katika nchi yetu, mchana kweupe, simu mkononi, na kuipiga picha.

Anayedhani hiyo si siasa apande nasi kutoka Sake hadi Mushaki. Siku nilipoipanda njia hiyo kwa mara ya kwanza bila mzigo wala mgonjwa wa kupeleka, nilisimama juu nikageuka. Ziwa Kivu lilikuwa chini yangu, ng'ombe wametapakaa malishoni, chukudu la mbao lenye magunia ya makala linateremka kwa kasi. Nikapiga picha tatu. Kwenye bariera kijana mwenye bunduki, rika langu, akaniuliza: “Unatembea unatafuta nini?” Nikamwambia natazama. Hakuamini. Alizifuta picha zote tatu, akadai hela ya kupita. Nilirudi nyumbani na neno moja kichwani: huku mkimbizi anaweza kutembea, mbeba mizigo anaweza kutembea, lakini anayeupenda mlima wake ni mshukiwa.

Tunalipa jetoni ya wenye bunduki ili twende kwenye mashamba yetu wenyewe. Tunalipa kodi iitwayo lala salama, na usiku huohuo tunakimbia na watoto mgongoni. Hatutaki tena mguu wetu ujue njia kwa sababu ya hofu peke yake.

Kukataa si jambo geni huku. Mwaka 1944, upande wa Walikale na Lubutu, Bakumu wakiongozwa na Bushiri waliinuka dhidi ya kazi za kulazimishwa za Wabelgiji. Mwaka 2012 vijana wa Goma walianzisha vuguvugu la LUCHA, wakadai maji, barabara na kazi bila kushika silaha. Njia yao hawa wa pili ndiyo yetu: anayekuja na bunduki hatembei nasi, hata akisema anatulinda.

Kuhusu picha tuna deni na tuna hasira. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa. Picha hiyo ilisaidia kuaibisha utawala wa Mfalme Leopold, na tunaishukuru. Ila tangu hapo Kongo imebaki katika pozi lile lile la Nsala. Andika Masisi mtandaoni, utaletewa turubai za kambi na macho ya mtoto. Sisi tunajua pia ukungu unavyoondoka asubuhi juu ya maziwa ya Mokoto, jibini la duara linavyopangwa juu ya ubao, mto Lowa unavyopita Walikale, rangi ya chai ya rangi. Nani atayaonyesha hayo kama si sisi wenyewe?

Na kifaa ni chetu. Ndani ya simu mna tantalamu, nayo hutoka kwenye koltani, ile inayochimbwa kwa sururu kule Rubaya. Mlima ulikuwa umeshaingia ndani ya simu kabla simu haijautazama.

Tunaahidiana hivi. Hatupigi picha ya mtu kabla ya kumsalimu na kukubaliwa. Mwanamke aliyetendewa ukatili hatumgeuzi kuwa ushahidi wa maonyesho. Hatuonyeshi mahali watu walipojificha, na tunazima ramani ya simu kabla ya kutuma chochote. Hatutembei kabila moja moja: vita vya mwaka 1993 vilianzia sokoni, Ntoto, na tunajua kilichofuata pale jirani alipoacha kupita kwa jirani. Muhunde, Muhutu, Mututsi, Munyanga, Mukumu na Mutembo watashika njia moja na kula kwenye sahani moja.

Barabara zikiwa zimefungwa, kila mmoja atapiga picha ya kilima kilicho mbele ya mlango wake, hata kama mlango huo ni wa turubai kambini. Zikifunguka, tutakutana Sake alfajiri. Njoo na viatu vya matope, maji, na bugari ya kufunga kwenye majani. Jibini tutanunua njiani.