Mjane na Zawadi Yake



Mwanafunzi wetu wa zamani, aliyehamia Marekani pamoja na mke wake, afanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila asubuhi awaogesha, awavika nguo, awalisha wale wasioweza tena kuinua kijiko. Katika barua yake ya mwisho alitupasha habari za mjane mmoja ambaye kila siku humwuliza: «Mwanangu, nilitenda kosa gani?» Miaka mitatu kabla ya kuugua, mjane huyo alimpa mjukuu wake dola 40,000 kwa ajili ya masomo. Sasa serikali yakataa kumlipia.

Wengi kwetu hudhani ya kuwa huko serikali hulipia kila mzee. Sivyo. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965 ilianzisha misaada miwili, ambayo majina yake yafanana hata wenyeji wenyewe huyachanganya. Wa kwanza ni Medicare, wa wazee wa miaka 65 na zaidi, matajiri kwa maskini. Huo huponya ugonjwa, hautunzi uzee: baada ya mgonjwa kulazwa hospitalini, waweza kulipia uuguzi wa siku 100 tu, nao tangu siku ya 21 mgonjwa hutoa sehemu yake. Wa pili ni Medicaid. Huo ndio unaolipia utunzaji wa miaka na miaka, lakini kwa yule tu asiye na kitu. Katika majimbo mengi, mtu asiye na mume wala mke hana ruhusa kuwa na akiba ipitayo dola 2,000, fedha ambazo nyumba kama ile huzimaliza kwa juma moja hivi.

Basi aliyejinyima maisha yake yote na aliyetapanya huonana mlangoni pamoja. Twakiri ya kuwa jambo hili latuchoma, ingawa twajua kodi ni mali ya watu wote.

Kwa sababu hiyo wengine walianza kuwagawia watoto mali mapema. Serikali iliitambua hila hiyo. Tangu sheria ya mwaka 2006, maofisa huchungua miaka 5 iliyopita. Zamani ilikuwa 3. Kilichotolewa bure hugawanywa kwa bei ya wastani ya utunzaji wa mwezi mmoja katika jimbo. Bei ikiwa dola 8,000, zile 40,000 za mjane zamnyima msaada miezi 5. Tena miezi hiyo haihesabiwi tangu siku ya zawadi, bali tangu mzee yumo tayari katika nyumba ile, akiba imekwisha, na ameomba msaada. Hapo ndipo uchungu ulipo.

Sheria hiyo haina ukali mtupu. Tangu mwaka 1988 mume au mke anayebaki nyumbani huachiwa sehemu ya mali, asije akawa ombaomba. Mtoto aliyekaa na mzazi wake nyumbani miaka miwili, akamtunza hata kuchelewesha kuhamishwa kwake, aweza kupewa nyumba ile bila adhabu. (Wangapi kati ya binti zetu wafanya hivyo bila kujua ya kuwa kuna sheria inayowahesabu!) Lakini mzee akiisha kufa, jimbo hudai fedha zake katika urithi, isipokuwa mwenzi wake yu hai, au ameacha mtoto asiyetimiza miaka 21, au kipofu, au kilema.

Na mjane wetu? Tulimjibu mwanafunzi ya kuwa adhabu hufutwa mali yote ikirudishwa, au ikithibitishwa kwamba zawadi haikutolewa kwa ajili ya kupata msaada. Tena, ikiwa adhabu itamkosesha matibabu au chakula, familia yaweza kuomba asamehewe. Yafaa basi kutafuta stakabadhi za shule, barua za wakati ule, na cheti cha mganga kwamba alikuwa mzima alipotoa.

Jibu limefika juzi. Mjukuu ameziona stakabadhi zote isipokuwa moja.