Nani Anaulisha Mwani?

Kila penye maji yaliyogeuka kijani, liwe bwawa la perege, tangi la samaki sebuleni au ufuko wa ziwa letu, hakosi mtu wa kusema: tafuteni dawa, mmwage, yaishe. Nasema waziwazi kwamba ushauri huo ni wa uvivu, na mara nyingi ni wa hatari. Nimefundisha walimu wa sayansi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Nyakato, na umri wangu wa miaka sabini na kitu hauniruhusu tena kuwa mpole mbele ya upuuzi.

Tuanze na tangi, maana kidogo hueleweka kabla ya kikubwa. Mjukuu wangu mmoja aliyeko Dar es Salaam anafuga samaki wa baharini katika tangi la vioo, pamoja na kamba wadogo na konokono. Wiki za mwanzo vioo vilipata ukoga wa kahawia. Baadaye mawe yakaota nywele za kijani. Muuzaji mmoja akamshawishi kununua chupa ya dawa yenye shaba. Bahati njema alinipigia simu kabla ya kuifungua.

"Shikamoo babu. Niweke vifuniko vingapi?"

"Marahaba. Usiweke hata kimoja."

Shaba hiyo ni ndugu wa mrututu, ambao wakulima wa kahawa wa Tarime wanaufahamu vizuri. Shambani mrututu una kazi yake. Ndani ya tangi la maji ya chumvi, shaba huua konokono na kamba, na konokono ndio waliokuwa wakiula mwani huo. Ni kama kuwapiga risasi askari wako mwenyewe. Halafu mwani uliokufa hauendi popote. Unaoza, na katika kuoza unamaliza oksijeni ya samaki, na naitrojeni na fosforasi zilizokuwa ndani yake zinarudi majini. Baada ya wiki chache unaota mwingine, na mwenye chupa anakungoja dukani.

Mwani, kama mchicha, unataka mwanga na mbolea. Na mbolea ya tangini huletwa na mkono wa mwenye tangi. Samaki apewe kile anachoweza kumaliza kwa dakika mbili tatu, basi. Taa iwake kwa muda wa saa nane hivi kwa siku, si mchana kutwa na nusu ya usiku ili wageni washangae. Sehemu moja ya kumi ya maji ibadilishwe kila wiki, na maji ya kuchanganyia chumvi yachujwe sawasawa kwanza, kwani ya bomba au ya kisima yanaweza kuja na mbolea yake. Zile nywele zing'olewe kwa vidole na kutupwa nje, maana ukizing'oa umetoa na mbolea iliyomo. Ukoga wa kahawia wa tangi jipya hutegemea silika. Ikipungua, nao huondoka wenyewe. Kazi hii ni ya miezi, haina mbwembwe, na haiwezi kutiwa ndani ya chupa ikauzwa. Ndiyo sababu husikii ikitangazwa.

Tena si kila mwani ni adui. Matumbawe ya bahari huishi kwa msaada wa mwani mdogo sana uliomo ndani ya miili yao. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yaliupoteza mwani huo, yakageuka meupe, na sehemu kubwa ikafa.

Sasa geuka utazame ziwa. Wataalamu waliolipima Ziwa Victoria miaka ya 1990 walikuta mwani umeongezeka mara kadhaa kuliko ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na maji yamekuwa mazito kwa macho. Mwaka 1997 watafiti waliochunguza furu walieleza kwamba jike huchagua dume kwa rangi zake. Maji yakifukika, rangi hazionekani, na aina zinaanza kuchanganyika hata zikapotea. Sangara amelaumiwa kwa kuwala furu, na lawama hiyo ni halali. Lakini mwani haukuletwa na sangara peke yake.

Umelishwa. Umelishwa na udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mito, na maji machafu ya miji yetu, na sabuni. Umelishwa hata na hewa: vumbi na moshi wa nyika tunazochoma kila kiangazi hushuka ziwani na fosforasi. Anayewasha kiberiti porini hadhani kwamba anatia mbolea majini, lakini ndivyo.

Ataniambia mtu kwamba ziwa si tangi. Kweli, si tangi. Tangi likiharibika, mjukuu wangu anamwaga maji na kuanza upya. Ziwa la kilomita za mraba 68,000 hivi utalimwagia wapi? Na mwani unaotawala nyakati za maji ya kijani ziwani ni ule wa kijani-buluu, ambao hasa ni bakteria, na baadhi yake una sumu. Ukiuua kwa shaba, unapasuka na kuiachia sumu hiyo majini kwa mkupuo. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji hayo ndiyo tunayokunywa Musoma.

Katika kikao kijacho cha mtaa, mtu akisimama kuomba dawa ya kumwaga ziwani, nami nitasimama kumwuliza choo chake na maji yake ya kufulia yanaishia wapi.