Dawa za kushusha kinga zinavuka mpaka bila karatasi

Mfanyabiashara anayepita Kaberebere, awe anatoka Mbarara kuelekea Kikagati au anatoa maharage Nakivale, huwa na karatasi ya kila kitu: risiti ya ushuru, kitambulisho, cheti cha asili ya bidhaa. Kisicho na karatasi ni vidonge vilivyomo mkobani mwake. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyohangaika miaka mingi na karatasi za mizigo, hiki haijakitazama kwa uzito unaostahili.

Dawa za kushusha kinga ya mwili zikitajwa, wengi hufikiria waliopandikizwa figo. Hao wapo, na Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017, Mulago ikafuata Desemba 2023. Lakini iliyoenea zaidi ni prednisoloni, pamoja na ndugu yake deksamethasoni. Daktari akiziandika kwa pumu kali, mzio au ugonjwa wa viungo, zinaokoa maisha. Balaa huanza zinapohesabiwa kumi kumi ndani ya kikaratasi kama dawa ya mgongo, au kuuzwa kwa wanaotaka kunenepa haraka. Mashavu yanajaa, mteja anafurahi, wala haambiwi kwamba uvimbe ule si afya na kwamba sukari yake inaweza kuwa inapanda.

Chukua mfano wa mama muuza vitenge anayetumia prednisoloni aliyoandikiwa Mbarara. Akiwa Murongo, upande wa Tanzania, goti linamsumbua, ananunua diklofenaki. Dawa hizo mbili zikikutana tumboni, hatari ya vidonda na kuvuja damu inaongezeka. Baadaye anakohoa, anapimwa, anakutwa na kifua kikuu. Rifampisini anayopewa hulifanya ini liivunje prednisoloni haraka, hivyo dozi iliyokuwa ikimtosha haimtoshi tena. Na huenda kifua kikuu chenyewe kilikuwa kimelala mwilini, kikaamka kinga iliposhushwa. Kila mhudumu alitibu alichokiona, na hakuna aliyeona vyote.

Kwa mwenye figo ya kupandikizwa, njia ni nyembamba zaidi. Takrolimasi ikipungua kwenye damu, mwili unaweza kuikataa figo. Ikizidi, inaiumiza figo hiyo hiyo. Rifampisini huishusha. Flukonazoli, dawa ya fangasi inayopatikana kirahisi, huipandisha, na erithromisini vilevile. Hata balungi huipandisha, ingawa ni tunda tu. Methotreksati, ambayo wagonjwa wa baridi yabisi humeza mara moja kwa wiki, ikichanganywa na Septrin inaweza kudhoofisha uboho unaotengeneza damu. Na Septrin katika ukanda huu humezwa kama peremende. Azathioprini nayo haipatani na alopurinoli ya gauti, isipokuwa daktari amepunguza dozi na anafuatilia damu.

Halafu kuna dawa za asili na virutubisho. Hoja ya kwamba kitu cha asili hakidhuru haina msingi. St John's wort, mmea unaouzwa Ulaya kwa wenye huzuni, hushusha takrolimasi kama rifampisini inavyofanya. Isitoshe, chupa inaweza kuficha mengine. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo, baada ya kukuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Aliyemeza alidhani anakula mitishamba.

Mpango wa Jumuiya wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012. Ni kazi nzuri, ila unamtazama mtengenezaji, wakati anayevuka mpaka ni mgonjwa. Uganda mgonjwa hubeba daftari la shule lililoandikwa Kiingereza. Mkimbizi wa Nakivale aliyetoka Kongo au Burundi huenda alikuja na karatasi ya Kifaransa, kama hakuipoteza njiani. Kadi moja ya dawa, kwa Kiswahili, yenye jina halisi la dawa, dozi, tarehe ya kuanza na sababu, haihitaji mkutano wa marais. Wizara za afya zinaweza kukubaliana kuihusu hata kwa barua.

Wenye maduka watasema mteja ana haraka na hana hela ya kumwona daktari. Ni kweli, basi la Mbarara halisubiri. Lakini duka dogo la dawa Uganda lina leseni ya kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, na prednisoloni haimo. Anayeiuza bila cheti hamsaidii maskini.

Kadi hiyo isipokuwepo, wafanyabiashara wanaweza kutunza boksi au kipande cha pakiti chenye jina, si lile kubwa la kampuni bali lile dogo chini yake, maana la kampuni hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Kionyeshwe kila duka kabla ya kulipa, pamoja na chupa ya mitishamba. Na aliyekwisha kumeza prednisoloni kwa wiki kadhaa, akishtuka kwa kusoma haya, asiiache ghafla: mwili wake umeshapunguza kutengeneza homoni ya aina hiyo, na kuikata kwa siku moja kunaweza kumwangusha barabarani. Aende hospitali ipunguzwe kidogo kidogo.