Mfupa Ukiunga, Je, Moyo Umepona?

Msomaji, jirani akipata ajali ya matatu, swali letu la kwanza ni: "Umevunjika wapi?" Plasta ikitolewa twamshukuru Mungu, tukidhani yamekwisha. Lakini ikiwa bado anashtuka usingizini na hathubutu kupanda gari, je, amepona?

Mwanasaikolojia Mjerumani, Anke Ehlers, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1998, akiwa Oxford, Uingereza, yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa majeruhi 967 wa ajali za barabarani waliofika hospitalini. Miezi mitatu baadaye, karibu robo yao walikuwa wakisumbuliwa na kiwewe; baada ya mwaka, mmoja kati ya kila sita. Waliojilazimisha kutoifikiria ajali walielekea kubaki nacho muda mrefu.

Basi tuache kumwambia majeruhi, "Jikaze, sahau." Tumpe nafasi ya kusema akitaka. Daktari naye, anapokagua mfupa, aulize pia kuhusu usingizi. Kiwewe si woga wala ulegevu. Ni jeraha, na lina tiba.